Kutoka Barazani hadi Mtandaoni: Ufichuzi wa Taarifa Binafsi katika Mazingira ya Shumba, Pemba

1.0 Utangulizi
Makala haya yanafafanua namna taarifa binafsi zisizo na madhara kijijini zinavyogeuka kuwa nyenzo ya udanganyifu zinapowekwa mtandaoni. Mfano unaotumika ni Shumba, iliyoko Wilaya ya Micheweni, Mkoa wa Kaskazini Pemba, yenye shehia za Shumba Mjini na Shumba Viamboni. Hoja kuu ni kwamba hatari haitokani na usiri wa taarifa yenyewe, bali na kuhama kwake kutoka muktadha mmoja kwenda mwingine.

2.0 Taarifa na Muktadha Wake
Helen Nissenbaum (2004, 2010) anaiona faragha kuwa ni ulinganifu baina ya mtiririko wa taarifa na kaida za muktadha ilikotolewa. Kwa mtazamo huo, faragha si kuficha kila kitu. Katika kijiji kama Shumba, jina la mtu, la baba na la babu yake, pamoja na jamaa aliyesafiri Mombasa, Dar es Salaam au Maskati, ni mambo yanayozungumzwa barazani bila ya kificho. Anayesikia naye anajulikana. Akiitumia taarifa vibaya, huulizwa na wazee, jamaa na sheha. Mtandaoni msikilizaji hajulikani, hana wa kumuuliza, na alichokisikia hubaki kimehifadhiwa.

3.0 Mkusanyiko wa Taarifa Ndogo
Taarifa moja moja huonekana ndogo. Hatari huzaliwa zinapokusanywa. Salamu za siku ya kuzaliwa hutaja tarehe. Tangazo la msiba hutaja ukoo na namba za simu. Picha ya harusi huonesha nani shangazi na nani mjomba. Aidha, Namba ya Kitambulisho cha Taifa ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Anayetangaza tarehe yake huwa ametoa sehemu ya namba hiyo. Anayebandika picha ya kitambulisho huitoa yote.

Inaweza kuhojiwa kuwa usajili wa laini kwa alama za vidole, ulioanza Mei 2019, umeuziba mwanya huu. Ni kweli kwamba namba pekee haitoshi kusajili laini. Hata hivyo, udanganyifu mwingi hauhitaji laini ya mwathirika. Huhitaji imani yake. Ujumbe mashuhuri wa "ile pesa itume kwenye namba hii" hubahatisha, kwa kuwa mtumaji hamjui mpokeaji. Chukuliwe mfano wa mama mkulima wa mwani ambaye mwanawe yuko Maskati. Ujumbe unaomwita kwa jina lake la nyumbani, ukamtaja mwana na siku aliyosafiri, haubahatishi tena. Anayepoteza fedha si aliyebandika picha, bali mama ambaye huenda hata hajui kuwa ilibandikwa.

4.0 Sheria na Mipaka Yake
Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaharamisha kujifanya mtu mwingine, lakini huadhibu baada ya kosa kutendeka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inawaelekea zaidi wakusanyaji na wachakataji wa taarifa, yaani taasisi. Kwa hiyo, mahali panapovuja zaidi, ambapo ni mkononi mwa jamaa, sheria hufika kwa shida.

5.0 Hitimisho
Pengo hilo linaweza kuzibwa na kaida ambayo jamii ya Shumba tayari inayo: sitara. Sitara humlinda mtu nafsi yake, na humtaka pia awasitiri wengine. Ikihamishiwa mtandaoni, humtaka mtumiaji aombe idhini ya anayeonekana pichani, asibandike kitambulisho, na ampigie jamaa kwa namba anayoijua kabla ya kutuma fedha. Vilevile, mtumiaji anaweza kuhakiki laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake kupitia *106#, na kuripoti namba za matapeli kupitia 15040. Elimu ya mtandao inayoanzia kwenye sitara ina nafasi kubwa zaidi ya kupokelewa kuliko ile inayoanzia kwenye hofu.