Subaru: Gari lenye jina la Kilimia na masharti yake kwa mmiliki

MKULIMA wa zamani katika pwani yetu hakuhitaji kalenda ili kujua majira ya kulima. Aliinua macho usiku, akatafuta kikundi kidogo cha nyota zilizosongamana kama vifaranga, akajua kama wakati umewadia. Kikundi hicho alikiita Kilimia, jina lililotokana na kulima. Wajapani nao wamezitazama nyota zizo hizo tangu kale, na kwa lugha yao huziita Subaru.

Jina hilo, ambalo hubeba maana ya kukusanyika pamoja, ndilo lililotiwa kwenye gari ambalo Mkenya wa leo hahitaji kuelezwa sura yake. Wapo wanaolisifu na kuapa kwamba hawataendesha jingine. Wapo pia wanaolilaani, wakidai liliwafilisi. Ukichunguza asili yake, utaona kwamba pande zote mbili zina hoja: sifa za Subaru na gharama zake zimechimbuka mahali pamoja, na anayeitaka ile ya kwanza sharti ajiandae kwa ya pili.

Kutoka ndege hadi pikipiki

Historia ya kampuni hii haikuanza na magari. Mnamo 1917, mhandisi Chikuhei Nakajima, aliyekuwa ameacha kazi katika jeshi la majini la Japani, alianzisha shughuli ya kuunda ndege katika eneo la Ota, mkoani Gunma. Kufikia Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, kampuni ya Nakajima ilikuwa miongoni mwa waundaji wakubwa wa ndege za kivita na injini zake nchini humo.

Japani iliposhindwa mwaka wa 1945, mataifa yaliyoshinda yaliipiga marufuku kuunda ndege. Kampuni hiyo ikavunjwavunjwa, nao wahandisi wake wakabaki na ujuzi usio na kazi. Walichofanya ni kutafuta riziki kwa vifaa vilivyosalia. Mwaka wa 1946 walianza kuunda pikipiki ndogo iliyoitwa Rabbit, na za mwanzo zilitumia magurudumu ya nyuma ya ndege za kivita yaliyokuwa yamelala maghalani.

Mnamo 1953, kampuni tano zilizotokana na Nakajima ziliungana na kuunda ya sita, Fuji Heavy Industries. Rais wake, Kenji Kita, ndiye aliyechagua jina la Subaru kwa gari la kwanza. Tazama nembo iliyoko mbele ya gari hilo nawe utaisoma historia hii: nyota ndogo tano na moja kubwa. Jina la Fuji lilidumu hadi Aprili 2017, kampuni yenyewe ilipobadilishwa rasmi na kuitwa Subaru.

Gari lililoipatia kampuni umaarufu nchini mwake ni Subaru 360 ya mwaka wa 1958. Lilibuniwa na kikosi cha mhandisi Shinroku Momose, ambaye pia alitoka katika kazi ya ndege. Urefu wake haukuzidi mita tatu, uzani wake haukufika kilo 400, na injini yake ilikuwa na ujazo wa sentimita 356 za mchemraba tu. Hata hivyo, lilibeba watu wanne. Siri ilikuwa katika bodi: badala ya kujengwa juu ya fremu nzito ya chuma, bodi yenyewe ndiyo iliyobeba uzito wote, kama ilivyo kwa ndege.

Ng'ambo mambo hayakuwa mepesi. Gari hilo lilipoanza kuuzwa Marekani mwaka wa 1968, jarida moja la kutetea wanunuzi lililipima na kutangaza mwaka uliofuata kwamba halikubaliki, hasa kwa sababu za usalama. Kwa barabara pana zenye magari makubwa, kagari hako hakakufaa. Kampuni ililazimika kutafuta jambo ambalo wengine hawakuwa nalo.

Injini iliyolala chali

Jambo la kwanza lilikuwa limekwisha kupatikana mwaka wa 1966, katika gari lililoitwa Subaru 1000. Katika magari mengi, silinda za injini husimama zikiwa zimepangwa mstari mmoja. Katika Subaru hulazwa, nusu upande wa kushoto na nusu upande wa kulia. Pistoni ya kushoto ikisukumwa nje, mwenzake wa kulia naye husukumwa nje wakati huo huo. Hii ikirudi ndani, ile nayo hurudi. Ni mfano wa mabondia wawili wanaogonganisha glavu. Hatimaye mtetemo wa upande mmoja huuzima ule wa upande wa pili, na injini huzunguka kwa utulivu.

Faida nyingine ni kwamba injini bapa hukaa chini. Uzito wa gari unapokuwa karibu na ardhi, gari haliyumbi sana kwenye kona. Hiki ndicho wamiliki humaanisha wanaposema kuwa Subaru "hushika barabara".

Hata ule mvumo mzito unaolitambulisha gari hili kabla halijaonekana una sababu ya kiufundi. Katika aina nyingi za zamani, hasa zenye turbo, mirija ya kutoa moshi kutoka pande mbili za injini ilikuwa na urefu usiolingana, hivyo moshi ulifika kwenye bomba kwa mapigo yasiyo sawa. Aina za baadaye ambazo mirija yake ilisawazishwa zilipoteza mvumo huo.

Jambo la pili lilizaliwa kwenye theluji. Mwanzoni mwa miaka ya sabini, kampuni ya umeme ya eneo la Tohoku, kaskazini mwa Japani, ilitaka gari la kuwafikisha mafundi wake kwenye nyaya milimani wakati wa baridi kali. Magari ya aina ya jeep yaliweza kupita, lakini yalikuwa na baridi na yaliwachosha abiria. Wauzaji wa Subaru mkoani Miyagi walichukua gari la kawaida la kampuni hiyo wakaligeuza ili magurudumu yote manne yasukumwe na injini. Jaribio hilo lilifaulu, na mwaka wa 1972 gari la familia aina ya Leone lenye uwezo huo likaanza kuuzwa kwa umma. Baadaye zilifuata Legacy mwaka wa 1989, Impreza mwaka wa 1992 na Forester mwaka wa 1997, majina ambayo msomaji anayafahamu barabarani.

Vumbi la Safari Rally

Huku kwetu, Subaru haikujulikana kwa matangazo bali kwa vumbi. Leone lilishiriki mbio za Safari Rally mwaka wa 1980. Mwaka wa 1993, dereva Mkenya Patrick Njiru alishiriki kwa kigari cha Vivio chenye injini ya ujazo usiofika lita moja, akamaliza wa 12 katika mbio ambazo magari makubwa yalivunjikia njiani. Kisha Colin McRae wa Scotland akashinda mwaka wa 1997 kwa Impreza, naye Mwingereza Richard Burns akashinda mwaka wa 2000, mwenzake Juha Kankkunen wa Finland akifuata katika nafasi ya pili kwa gari la aina hiyo hiyo.

Watoto waliosimama kando ya barabara miaka hiyo, wakisubiri gari la samawati lenye magurudumu ya rangi ya dhahabu, ndio watu wazima wa leo walio na mishahara. Kampuni iliondoka katika mashindano ya dunia mwishoni mwa mwaka wa 2008, lakini picha ile haikuondoka vichwani mwao.

Hapo pana hatari isiyosemwa vya kutosha. Gari la mashindano huendeshwa na dereva aliyefunzwa, aliyevaa kofia ya chuma, ndani ya kizimba cha vyuma. Isitoshe, nguvu ya magurudumu manne humsaidia dereva kuondoka na kupanda kwenye utelezi, wala haimsaidii kusimama. Gari linaposimama kwa ghafla, kinacholiokoa ni breki na tairi, na vitu hivyo kila gari linavyo. Kijana anayeamini kwamba Subaru halitelezi hugundua kosa lake akiwa amechelewa.

Masharti kwa mmiliki

Sasa turejee kwenye mfuko. Subaru nyingi zilizoko nchini ziliingizwa kutoka Japani zikiwa zimetumika. Kule, gari hukaguliwa miaka mitatu baada ya kusajiliwa likiwa jipya, kisha kila baada ya miaka miwili, na gharama za ukaguzi na marekebisho huwafanya wengi kuliuza mapema. Kanuni za Kenya nazo haziruhusu kuingizwa kwa gari la abiria lililozidi umri wa miaka minane. Basi mnunuzi wa hapa, pengine mwalimu aliyechukua mkopo wa chama cha akiba na mikopo, hupata gari zuri kwa bei nafuu. Lakini hununua pia historia ambayo hakuiona.

Lalamiko la kwanza la wamiliki ni uvujaji. Kwa kuwa silinda zimelala, oili hutuama kwenye viungo vya pande zote mbili badala ya kuteremka kabisa. Gasketi zikizeeka, huanza kutokwa na jasho la oili. Injini za lita 2.5 zisizo na turbo, za mwishoni mwa miaka ya tisini na miaka ya 2000, zilijulikana kote duniani kwa udhaifu wa gasketi zinazoziba kati ya vichwa vya silinda na bloku ya injini. Zikiharibika, maji ya kupoza injini huvuja au huchanganyika na moshi, na injini huchemka. Na kwa sababu injini ina pande mbili, vichwa ni viwili na gasketi ni mbili. Mafundi wengi huona heri kuitoa injini nzima. Hapo ndipo bei hupanda.

La pili ni mkanda wa taimingi. Injini nyingi za Subaru kabla ya miaka ya 2010 hutumia mkanda wa mpira kuoanisha mwendo wa vali na pistoni, na hupaswa kubadilishwa karibu na kilomita 100,000. Ukikatika gari likiwa mwendoni, katika nyingi ya injini hizo pistoni hugonga vali na kuzipinda. Aliyeahirisha gharama ndogo hujikuta akinunua injini. Injini mpya zilizoanza kutolewa mwaka wa 2010 zilianza kutumia mnyororo badala ya mkanda.

La tatu ni tairi. Kwa kuwa magurudumu manne hushirikiana nguvu, tairi zote hupaswa kuwa za ukubwa mmoja na zilizolika kwa kiwango kinachokaribiana. Anayetia tairi mbili mpya na kuziacha mbili zilizokwisha huzilazimisha gia za katikati kusuguana muda wote, hadi zife. La nne ni petroli: vyuma vinavyopeleka nguvu nyuma vina uzito, na uzito haubebwi bure.

Kwa upande mwingine, wale walioyakubali masharti haya husimulia mengine. Husimulia matope ya Kinangop wakati wa masika, wakipita mahali ambapo jirani amekwama. Husimulia safari ndefu zisizochosha mgongo, na magari yaliyopita kilomita 200,000 bila injini kufunguliwa. Tofauti kati ya makundi haya mawili aghalabu si bahati. Ni daftari la huduma.

Kabla ya kutoa pesa

Anayekusudia kununua na ayazingatie haya. Lione gari likiwashwa injini ikiwa baridi. Baada ya injini kupata joto, tazama chombo cha akiba cha maji bila kukifungua: mapovu yanayopanda mfululizo au utando wa oili ni dalili ya gasketi iliyokwisha. Zungusha usukani hadi mwisho na uliendeshe polepole kwenye duara. Likikwamakwama kana kwamba linashikwa breki, gia za kugawa nguvu zina kasoro. Linganisha tairi zote nne. Pasipo ushahidi kwamba mkanda ulibadilishwa, hesabu kwamba haukubadilishwa, na uiongeze gharama hiyo kwenye bei.

Usidhani pia kwamba kila Subaru husukumwa na magurudumu manne. Baadhi ya Impreza za injini ndogo zilizouzwa Japani husukumwa na magurudumu ya mbele pekee. Liepuke gari lenye turbo lililochokonolewa ili liongeze kasi au kelele, na ukilimiliki la turbo, pima oili kila wiki. Mwisho, mtafute fundi kabla ya kulitafuta gari. Katika barabara ya Kirinyaga na eneo la Grogan jijini Nairobi vipuri vipo tele, vipya na vilivyotumika, lakini kipuri kizuri mikononi mwa fundi asiyeijua injini iliyolala ni hasara.

Wahenga wa pwani walisema kwamba Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Walikuwa wakimfunza mkulima kutohadaika na hali ya siku moja, bali ajiandae kwa ile inayofuata. Mnunuzi wa gari lenye jina la nyota hizo angefanya vyema kuyakumbuka maneno hayo siku anayokabidhiwa funguo, gari likiwa limeoshwa likang'aa, na mkopo ukiwa bado haujaanza kulipwa.