Mwanamke Asiye na Uso

Sogeeni karibu, wanangu, niwasimulie kisa cha mwanamke aliyesakwa na polisi wa nchi tatu bila mtu kumwona hata kivuli. Ni kisa cha kweli.

Mwaka 1993, katika mji wa Idar-Oberstein huko Ujerumani, bibi mmoja wa miaka 62 aliuawa nyumbani kwake. Muuaji hakupatikana. Mwaka 2001 mzee mwingine akauawa mjini Freiburg. Wapelelezi wakapangusa vitu vya mle ndani kwa vijiti vya pamba, wakavipeleka maabara. Majibu yakaja: kuna vinasaba vya mwanamke, na ni vile vile vilivyopatikana kwenye kikombe cha yule bibi wa 1993.

Basi hapo mambo yakaanza kunoga. Vinasaba hivyo vikaonekana kwenye bomba la sindano ya heroini lililookotwa msituni. Vikaonekana kwenye kipande cha biskuti ndani ya trela lililovunjwa na wezi, kwenye bastola ya kuchezea huko Ufaransa, na katika matukio ya wizi Austria. Kisha, tarehe 25 Aprili 2007, askari wa kike wa miaka 22 akapigwa risasi kichwani ndani ya gari la polisi mjini Heilbronn, akafa. Mwenzake alinusurika na majeraha makubwa. Garini humo, vinasaba ni vile vile! Magazeti yakambatiza jina: Mwanamke Asiye na Uso. Polisi wakatangaza donge nono la yuro 300,000 kwa atakayefichua alipo.

Hebu tuingie kwanza maabara. Mtaalamu hasomi vinasaba vyote vya mtu. Vingemchukua muda mrefu mno. Huangalia sehemu chache ambazo kijipande kifupi hujirudia tena na tena, akahesabu. Sehemu moja mimi nina marudio 12 niliyorithi kwa mama na 15 kwa baba. Wewe una 9 na 14. Sehemu moja haitoshi, maana wapo wengi wenye 12 na 15 kama mimi. Lakini hesabu za sehemu nyingi zikilingana zote, basi ni nadra sana kumpata mtu mwingine wa namna hiyo, labda pacha wako mnayefanana kabisa. Kwa hiyo maabara haikukosea: vinasaba vile vilikuwa vya mtu mmoja.

Lakini jiulizeni, ni mhalifu gani huyu? Leo anaua, kesho anaiba, keshokutwa anavunja trela na kula biskuti! Tena wezi waliokamatwa walipohojiwa kuhusu mwenzao wa kike, walikana kata kata. Polisi wakaona wanamficha. Mimi nadhani hapo ndipo walipopaswa kusimama na kujikuna kichwa, maana watu wasiojuana, wa miji tofauti, walikuwa wanasema neno moja.

Fumbo likafumbuka Machi 2009. Wapelelezi walikuwa wanataka kumtambua mtu aliyekutwa ameungua nchini Ufaransa. Wakapima vinasaba kwenye alama za vidole zilizoachwa na mwanamume mmoja, aliyedhaniwa kuwa ndiye, kwenye fomu yake ya kuomba hifadhi. Majibu: Mwanamke Asiye na Uso. Mwanamume huyo huyo awe mwanamke? Wakarudia kipimo kwa kijiti kingine. Yule mwanamke akatoweka!

Alikuwa kwenye pamba. Vijiti vile vilitoka katika kiwanda kimoja, na vinasaba vilikuwa vya mfanyakazi aliyehusika na kuvifungasha, mama wa watu asiye na hatia yoyote. Jimbo la Bavaria, lililonunua vijiti kwingine, halikuwahi kumwona mwanamke huyo. Ndiyo, vijiti vilitakaswa. Ila kutakasa huua bakteria, wakati vinasaba si kiumbe hai cha kuuawa. Hubaki pale pale, na kipimo cha kisasa huvinasa hata vikiwa chembe chache tu za ngozi.

Hata pamba ikiwa safi, vinasaba vyenyewe ni wasafiri. Mwaka 2012 huko California, Marekani, vinasaba vya mtu mmoja vilikutwa kwenye kucha za tajiri aliyeuawa. Akawekwa rumande kwa miezi kadhaa. Kumbe usiku ule wa mauaji alikuwa hospitalini, amelewa chakari! Wahudumu wa gari la wagonjwa waliomchukua yeye ndio waliokwenda baadaye kwa marehemu. Maabara ilisema kweli kwamba vinasaba ni vyake. Vilifikaje pale, hilo maabara haiwezi kulijibu peke yake. Linajibiwa na mpelelezi anayeuliza nani alimgusa nani, lini, na kwa kifaa gani.

Mwaka 2016 kikatolewa kiwango cha kimataifa, ISO 18385, kinachowataka watengenezaji wa vifaa kama vijiti vile wazuie vinasaba vya wafanyakazi wao visiingie humo.

Na yule askari wa Heilbronn? Novemba 2011, mjini Eisenach, wanaume wawili wa kundi la siri la wabaguzi wa rangi, NSU, walikutwa wamekufa ndani ya gari la kulala lililoungua, baada ya kuiba benki. Ndani yake zilikuwamo bastola mbili za polisi: ya marehemu na ya mwenzake. Mwanamke mmoja wa kundi hilo alifungwa maisha mwaka 2018. Vinasaba vya kwenye pamba havikuwa vyake.