Nguvu ya Mto na Moto wa Jikoni

Mwanafunzi akitazama ramani ya Kivu ataona maziwa mawili yaliyounganishwa na mto mmoja mfupi. Ziwa Kivu liko juu sana, karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Tanganyika liko chini, mita 770 hivi. Basi mto Ruzizi, utokao Bukavu na kuingia Tanganyika karibu na Uvira, hushuka karibu mita 700 katika mwendo wa kilomita 120 tu, na sehemu kubwa ya mteremko huo imo katika makorongo ya mwanzo, kabla mto haujafika uwandani. Maji yaangukayo hivyo yana nguvu nyingi. Kwa karne nyingi nguvu hiyo haikuwa na kazi ila kusaga mawe.

Wataalamu huiita nguvu ya namna hii nguvu isiyokwisha. Maana jua huinua maji kuwa mvuke, mvuke huwa mawingu, mvua hunyesha milimani, na mto hujaa tena. Mafuta ya petroli na makaa ya mawe sivyo: yakisha kuteketea hayarudi, na moshi wake huipasha dunia joto. Kwa sababu hiyo Papa Fransisko, katika barua yake Laudato si' ya mwaka 2015, alifundisha kwamba yapasa kuyaacha hatua kwa hatua bila kukawia.

Je, umeme hutokaje majini? Aliyepanda baiskeli yenye dinamo amekwisha kuona jambo hilo: gurudumu linazunguka, taa inawaka. Mtoni watu hujenga ukuta wa kuzuia maji, ndio baraji, wakayapitisha katika bomba kubwa mpaka chini. Huko maji hupiga mapanga ya gurudumu la chuma liitwalo turbini. Gurudumu huzungusha mhimili. Na penye mwisho wa mhimili sumaku huzunguka kati ya nyaya za shaba. Sumaku ikipita mbele ya shaba, umeme huzaliwa. Maji yenyewe hayapungui hata tone moja. Yakitoka katika baraji ya Ruzizi ya kwanza, iliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, huenda kufanya kazi ileile katika Ruzizi ya pili, ambayo tangu mwaka 1989 ni mali ya Kongo, Rwanda na Burundi pamoja, kisha hushuka uwandani. Mashine ya mazuti ingedai mapipa yaletwayo kutoka ng'ambo kila juma. Mto haudai kitu.

Haudai kitu, lakini mashine zadai, na hapa ndipo penye taabu yetu. Ziwa Kivu lina mlango mmoja tu wa kutokea, ndio Ruzizi. Mji wa Bukavu umejengwa juu ya vilima vikali. Mvua ikinyesha, chupa za plastiki, mifuko na makopo hutiririka mifereji yote mpaka ziwani, na kila kieleacho huvutwa pole pole mpaka kwenye baraji. Takataka hizo huziba njia ya maji. Yabidi wapiga-mbizi washuke chini kuziondoa kwa mikono. Baada ya mwaka 2020 mashine moja kati ya nne za Ruzizi ya kwanza ilisimama kwa ajili ya takataka, na mitaa ikakaa gizani. Wengine humlaumu mama atupaye chupa mferejini. Lakini mtaa usiopitiwa na gari la taka, usio na shimo wala pipa, mama huyo azipeleke wapi? Lawama hiyo igawanywe vema, na sehemu kubwa iwaendee watozao kodi ya mji.

Kongo yetu ina mto mkubwa kuupita huo. Mto Kongo huvuka ikweta mara mbili; mvua ikikoma kaskazini, hunyesha kusini, hata huko Inga maji hayakauki mwaka mzima. Baraji mbili zilijengwa pale, mwaka 1972 na mwaka 1982. Tangu 1982 waya wa kilomita 1,700 hivi huchukua umeme wa Inga mpaka Kolwezi, penye migodi. Waya huo hupita juu ya vijiji vingi visivyo na taa hata moja, kwani umeme wake ni wa namna isiyoweza kuchotwa njiani bila kiwanda kikubwa cha kuugeuza. Mwenye mgodi alipata. Mwenye shamba chini ya waya alipata kivuli cha nguzo.

Kwa vijiji vya mbali, sahani za jua zafaa zaidi. Hazina gurudumu wala mazuti: mwanga hugusa bamba la silikoni, umeme hutoka. Zahanati yaweza kumzalisha mama usiku pasipo kibatari. Ila jua huchwa, hivyo yahitajiwa betri, nayo ni ghali, huchakaa, na ikitupwa ovyo huharibu udongo. Kobalti ya betri nyingi hutoka Kolwezi kwetu. Huenda ng'ambo ikiwa udongo na kuturudia kwa bei ya dhahabu.

Lakini taa ni kitu chepesi. Kazi nzito ni chungu. Jamaa nyingi zenye umeme hupika bado kwa makala, na makala ni miti, hata ile ya msitu wa Virunga. Wenye kutunza mbuga hiyo walijenga kiwanda cha umeme wa maji huko Matebe, katika Rutshuru, kilichoanza kazi mwaka 2015, wakitumaini kwamba watu watauacha msitu. Ni tumaini la haki. Hata hivyo mama wa Goma huweka gunia lake la makala nyuma ya mlango, karibu na jiko la umeme, maana maharagwe hukaa motoni saa tatu, na ameona mara nyingi umeme ukizimika katika saa ya pili.