Kujaliza Maji ya Tangi la Samaki: Kifaa na Istilahi Yake

Wahenga walinena kuwa haba na haba hujaza kibaba. Katika tangi la samaki wa kufugwa nyumbani, methali hii hugeuka ikawa haba na haba hukipunguza kibaba. Maji hutoweka kwa njia ya mvuke siku baada ya siku, pasi na mfugaji kutanabahi, hadi asubuhi anapomkuta samaki akielea ubavu. Makala haya yanadhamiria kueleza kiini cha tatizo hilo, namna ya kuunda kifaa cha kulitatua, na istilahi inayoweza kukitambulisha kifaa chenyewe kwa Kiswahili.

Kiini cha tatizo

Mvuke huchukua maji matupu. Chumvi na madini hubaki. Wakazi wa Gongoni na Ngomeni, katika pwani ya Kenya, wanalifahamu jambo hili vyema, kwani katika mashamba ya chumvi ya huko maji ya bahari huachwa juani hadi chumvi ikasalia. Ziwa Turkana nalo halina mto unaotoka. Maji yake hupotea kwa mvuke, ndiposa yana magadi. Kinachotendeka huko kwa mapana ndicho kinachotendeka sebuleni.

Chukua mfano wa tangi lenye lita 100 za maji ya bahari, kila lita ikiwa na gramu 35 za chumvi. Jumla ya chumvi ni gramu 3,500. Lita 10 zikigeuka mvuke, lita 90 zilizosalia huwa na takriban gramu 39 kwa kila lita. Mfugaji akifidia upungufu huo kwa maji ya bahari, chumvi hukaribia kubaki pale pale ilipopanda. Hana budi kuongeza maji yasiyo na chumvi. Hata hivyo, akiyamimina yote kwa mkupuo mmoja, badiliko la ghafla huweza kuwadhuru viumbe dhaifu kama vile matumbawe. Dawa, basi, ni kurudisha haba na haba kile kilichotoka haba na haba.

Muundo wa kifaa

Kifaa kina sehemu tatu: tangi la akiba, boya na njia ya maji. Aina yake sahili haihitaji umeme. Tangi la akiba huwekwa juu ya tangi la samaki, na boya hufungua na kufunga vali jinsi lifanyavyo katika tangi la choo cha kuvuta maji. Aina hii huwafaa wanaoishi mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara.

Aina ya pili hutumia swichi ya boya na pampu ndogo. Maji yakishuka chini ya alama, boya hushuka nayo, swichi huwasha pampu, na pampu huvuta maji kutoka tangi la akiba. Yakifika kwenye alama, pampu huzimika. Baada ya kufunga kifaa, mfugaji achote jagi moja la maji na kutazama iwapo kiasi hicho hicho kitarudishwa na pampu kuzimika yenyewe.

Tahadhari

Kwanza, mdomo wa mpira wa maji ukae juu ya maji ya tangi la samaki. Ukizama, pampu inapozimika maji huweza kurudi kinyumenyume hadi kwenye akiba. Aidha, akiba inayotumia pampu iwe chini ya mdomo huo, la sivyo maji yataendelea kutiririka hata pampu ikiwa imezimwa.

Pili, akiba isizidi nafasi iliyoachwa wazi katika tangi la samaki. Konokono mmoja tu anaweza kulikwamisha boya, na hapo maji yote ya akiba yataingia. Boya la pili, lililowekwa juu kidogo ili kukata umeme, ni kinga ya ziada.

Tatu, pampu ya volti 12 ni salama kuliko ya volti 240, na waya uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda kuifikia, ili matone yadondoke sakafuni. Nne, maji ya mfereji yaondolewe klorini kabla ya kutiwa katika akiba.

Istilahi

Kitenzi jaliza, chenye maana ya kujaza mpaka pomoni, kimo tayari katika lugha. Wanaisimu wamekwisha kukinyambua wakapata kijalizo cha sentensi. Kwa mantiki hiyo hiyo, kifaa kinachojaliza maji chaweza kuitwa kijalizi, na kile kinachotenda bila mkono wa mtu, kijalizi kinachojiendesha. Mfugaji asiyeelewa maelezo ya lugha ya kigeni huweza kuongeza maji ya bahari pahali pa maji baridi, na gharama ya kosa hilo ni uhai.

Tamati

Kijalizi hakiondoi haja ya kubadilisha maji, kwa kuwa uchafu wa samaki haugeuki mvuke. Wala hakichukui nafasi ya jicho la mfugaji. Mali bila daftari hupotea bila habari: anayeandika kila juma ni lita ngapi zimetoka katika akiba atautambua uvujaji au boya lililokwama mapema, kabla samaki hawajamwarifu kwa kufa.