Mama, Usiifiche Miguu Yako

Akina mama wengi wajawazito huvaa magauni marefu hata wakati wa joto kali ili kuficha mishipa iliyotutumka miguuni. Wengine huambiwa kuwa wamerogwa, au kuwa damu yao imechafuka. Hayo si kweli, na tunapenda tuyaeleze wazi.

Muumba wetu ametupa mishipa ya damu ya aina mbili kuu. Ateri hutoa damu moyoni na kuipeleka mwilini, vena huirudisha. Tunayoiona chini ya ngozi ni vena. Damu ya miguuni hulazimika kupanda, kwa hiyo ndani ya vena mna vilango vidogo vinavyoizuia isirudi chini. Daktari Mwingereza William Harvey alieleza kazi ya vilango hivyo mwaka 1628. Kila tunapopiga hatua, misuli ya shavu la mguu huikamua vena na kuisukuma damu juu.

Wakati wa mimba, damu ya mama huongezeka kwa karibu nusu ya kiasi chake cha kawaida. Homoni hulegeza kuta za vena, na mji wa mimba hukandamiza vena kubwa za nyonga. Damu hutuama miguuni, vilango hushindwa kuizuia, na mshipa hujipinda kama kamba. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi, mara nyingi uvimbe huo huonekana kuliko rangi yake. Baada ya kujifungua, mishipa mingi hunywea katika miezi michache.

Tufanye nini? Tusisimame muda mrefu jikoni. Viazi na mboga vyaweza kumenywa tukiwa tumekaa. Tutembee kila siku. Jioni tuinue miguu juu ya mto, na tulalie ubavu, hasa wa kushoto. Mshipa ukipasuka, mama alale, ainue mguu, akandamize mahali hapo kwa kitambaa safi, kisha apelekwe hospitali.

Hapa tunaomba uangalifu mkubwa. Mguu mmoja ukivimba, ukauma na kuwa wa moto, huenda damu imeganda ndani ya vena. Hatari hiyo huwapo wakati wa mimba na katika wiki 6 baada ya kujifungua. Bibi na shangazi zetu hupenda kumkanda mzazi kwa maji ya moto, lakini mguu kama huo usikandwe wala kuchuliwa: bonge la damu laweza kung'oka na kwenda kwenye mapafu. Mama akibanwa na pumzi au akiumwa kifua, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku.

Mwili ni amana tuliyopewa na Mungu. Mama anayeinua miguu jioni si mvivu. Baba na watoto wachote maji, naye apumzike. Na siku ya kliniki, tumwonyeshe muuguzi miguu yetu bila haya.