Pesa za mwalimu zilizolala Westlands

Rafiki yangu mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, alipoaga dunia alimwachia mkewe vyumba viwili Kangemi, watoto watatu na sanduku la bati lililofungwa kwa kufuli. Kwa muda mrefu mjane hakuthubutu kulifungua. Alipolivunja hatimaye, alikuta kitabu cha benki chenye kurasa za manjano, pamoja na stakabadhi ya hisa 2,000 za Safaricom ambazo marehemu alizinunua mwaka 2008. Katika miaka yote ya ndoa yao mumewe hakuwahi kumdokezea habari hizo.

Wasomaji wanaokumbuka mwaka huo watakumbuka pia foleni zake. Hisa moja iliuzwa kwa shilingi 5, na kima cha chini kilikuwa hisa 2,000, yaani shilingi 10,000. Zaidi ya Wakenya 800,000 walijitosa, wengi wao wakiwa hawajawahi kumiliki hisa ya kampuni yoyote. Walimu hawakuachwa nyuma. Lakini mwalimu ni mtu wa kuhamishwa, na sanduku lake la posta huwa la shule. Leo yuko shule hii, mwaka kesho yuko wilaya nyingine, na barua zake zinaendelea kufika kule alikotoka, zikirundikana katika ofisi ya mwalimu mkuu hadi atokee mtu wa kuzichoma. Katika bahasha hizo mlikuwamo hundi za gawio. Hisa 2,000 zikipata senti kumi kila moja, hundi ni ya shilingi 200, na nani atapanda gari kuifuata hundi ya shilingi 200? Baada ya miaka kumi, hata hivyo, vijisenti hivyo si haba.

Pesa za namna hiyo huenda wapi? Zamani zilibaki mikononi mwa benki na kampuni zenyewe, zikiwafaa wasiokuwa wenyewe. Sheria ya mwaka 2011 ndiyo iliyobadili mambo. Iliunda Mamlaka ya Mali ya Kifedha Isiyodaiwa, ambayo wengi huijua kwa herufi UFAA, na kuamuru kwamba akaunti ya benki isiyoguswa kwa miaka mitano, au gawio lisilochukuliwa kwa miaka mitatu, likabidhiwe Mamlaka hiyo. Kabla ya kukabidhi, benki au kampuni inatakiwa kumwandikia mwenye mali kwa anwani ya mwisho inayoijua. Msomaji amekwisha kutambua kasoro iliyopo: barua ya onyo hutumwa kwenye sanduku lile lile lililopoteza hundi.

Ieleweke kwamba serikali hapa ni mtunzaji tu. Haikupewa mali hiyo iwe yake, na mwenyewe akijitokeza, hata baada ya miaka mingi, hurudishiwa. Kudai hakulipiwi hata senti, kwa hiyo yeyote anayekuomba "pesa ya faili" ni tapeli. Kutafuta nako ni kwepesi siku hizi: mtu hubonyeza *361# katika simu yake, akaingiza nambari ya kitambulisho, akajua kama kuna chochote chake.

Tulifanya hivyo, na jina la marehemu likaonekana. Asubuhi moja nikamsindikiza mjane kwa matatu, tukateremka barabara ya Waiyaki hadi jengo la Pacis, Westlands, yalipo makao ya Mamlaka. Tulipokewa kwa adabu. Akaulizwa cheti cha kifo, akakitoa. Akaulizwa kitambulisho chake, akakitoa. Kisha akaulizwa hati ya mahakama inayomfanya msimamizi wa mirathi, akanitazama mimi.

"Mwalimu," aliniambia tulipotoka nje, "mimi nilidhani cheti cha ndoa kinatosha."

Hakitoshi, na afisa aliyetuhudumia hana kosa, kwani Sheria ya Urithi haimruhusu mtu kugusa mali ya marehemu bila idhini. Kifungu cha 45 kinalitaja jambo hilo kuwa kosa la jinai. (Wale wanaochukua kadi ya marehemu na kukimbilia mashine ya benki kabla ya mazishi wangefaa kukisoma.) Basi safari ya Westlands iligeuka kuwa safari ya kwenda mjini. Kwanza barua ya chifu inayowataja warithi wote. Halafu maombi mahakamani, na tangazo katika gazeti rasmi la serikali linalowapa wapingaji siku 30. Hati ikitoka, kwa kawaida hungojwa miezi sita kabla ya mahakama kuithibitisha. Juu ya hayo kuna viapo, nakala, nauli na, kwa asiyejiamini mbele ya karani, ada ya wakili.

Hapo ndipo ninapoona dhuluma isiyokusudiwa. Utaratibu huu ulitungwa kulinda mashamba na majumba yasiporwe na mashemeji, na kwa hayo unafaa. Lakini mjane anayedai elfu chache apitishwe mlango ule ule wa anayedai mamilioni? Gharama ikikaribia kulingana na kinachodaiwa, mwenye akili hukata tamaa, na pesa zake hubaki katika hazina pamoja na makumi ya mabilioni mengine yanayongoja wenyewe.

Kuna njia fupi. Mdhamini wa Umma, ambaye ofisi yake mjini imo Sheria House, Harambee Avenue, ana mamlaka ya kusimamia mirathi midogo bila kesi ndefu. Ni wajane wangapi wa Kangemi au Kawangware waliowahi kuambiwa hivyo? Mimi mwenyewe, niliyefundisha uraia kwa miaka mingi, sikuwahi kulitamka jina la ofisi hiyo darasani. Ningependa kuona karatasi yake ikibandikwa katika kila ofisi ya chifu, kwa Kiswahili, na Mamlaka ikimwelekeza huko kila mwenye dai dogo siku ile ile anapofika, badala ya kumwacha agundue mwenyewe.

Lakini serikali haikulifunga sanduku lile la bati. Wanaume wa rika letu tulilelewa tukiamini kwamba mke akijua mshahara atautapanya, na akijua akiba ataidai. Rafiki yangu hakuwa mchoyo. Alikuwa akiweka kwa ajili ya karo ya kifungua mimba wake. Kijana huyo sasa ana miaka ishirini na mitatu na hakusoma zaidi ya kidato cha nne.

Tulipokwenda Sheria House tulipewa orodha ya karatasi, na moja ilikosekana: barua ya chifu inayotaja watoto wote kwa majina yaliyo katika vyeti vyao vya kuzaliwa. Binti wa mwisho hana cheti. Jumatatu tunakwenda kumtafutia.