Saa kuukuu: mwanga mpya unalipa lini?

Saa ya mkono iliyotumika hununuliwa kwa mambo matatu: jina, mwendo na sura. Mwanga wa usiku, yaani ile rangi inayowaka gizani kwenye mishale na kwenye alama za saa, ni sehemu ndogo ya sura. Hata hivyo sehemu hiyo ndogo inaweza kuongeza bei ya saa ya kawaida, kuporomosha bei ya saa adimu na, katika saa chache, kumdhuru fundi anayeikwangua. Mfanyabiashara anayenunua saa kuukuu ili azitengeneze na kuziuza anapaswa kujua tofauti hiyo kabla ya kutoa fedha mfukoni.

Makala hii inahusu zaidi saa za bei nafuu, na mfano wetu ni Seiko 5. Saa hiyo ya Japani ilianza kutengenezwa mwaka 1963. Inajijaza yenyewe kwa mwendo wa mkono, inaonyesha siku na tarehe katika dirisha moja, na vipuri vyake vinapatikana bila shida kubwa.

RANGI ZA AINA TATU

Rangi ya kwanza kutumika kwa wingi ilikuwa ya radiamu, madini yaliyogunduliwa mwaka 1898 na Marie na Pierre Curie. Radiamu ilichanganywa na unga wa zinki salfaidi. Mionzi ya radiamu iliupiga unga huo nao ukawaka usiku kucha bila kuhitaji jua. Matumizi yake katika saa yalififia miaka ya 1960.

Rangi ya pili ni ya tritiamu, ambayo mionzi yake ni dhaifu na haipenyi kioo cha saa. Saa za Uswisi za aina hii huwa na herufi T chini ya uso wa saa, kwa mfano "T SWISS T" au "T<25". Nguvu ya tritiamu hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 12 na miezi michache. Kwa hiyo saa ya mwaka 1975 imebakiwa na chini ya sehemu moja kwa kumi ya nguvu yake ya mwanzo.

Rangi ya tatu haina mionzi kabisa. Hunywa mwanga wa jua au wa taa, kisha huutoa kidogo kidogo gizani. Zamani ilikuwa zinki salfaidi peke yake, ambayo huwaka dakika chache tu. Mwaka 1993 kampuni ya Nemoto ya Japani ilileta LumiNova, iliyotengenezwa kwa strontiamu aluminati. Hiyo huwaka kwa nguvu mara kadhaa zaidi na hudumu kwa saa nyingi. Super-LumiNova ya Uswisi na Lumibrite ya Seiko ni za ukoo huo huo, na unga wanaoutumia mafundi leo kurejesha mwanga ni wa aina hii.

JARIBIO LA DAKIKA TANO

Kabla ya kukubaliana bei, weka saa juani kwa dakika tano, kisha itazame mahali penye giza totoro. Matokeo yatakuwa mojawapo ya haya.

Kwanza, ikiwaka sana na kuendelea kwa muda mrefu, rangi yake ni ya kisasa. Hapo itazame namba ya nyuma. Kwa Seiko, tarakimu ya kwanza ya namba ya mfululizo ni tarakimu ya mwisho ya mwaka, na alama ya pili ni mwezi: 1 hadi 9, kisha 0 kwa Oktoba, N kwa Novemba na D kwa Desemba. Namba inayoanza na 7N ni ya Novemba ya mwaka unaoishia na 7. Mwongo gani, aina ya mashine ndiyo itakayokuambia: mashine ya 7S26, kwa mfano, ilikuja katikati ya miaka ya 1990. Ikiwa hesabu inakupeleka mwaka 1977 na saa inawaka usiku kucha, basi rangi, uso au mishale si ya kiwandani. Hilo si kosa, lakini ni sababu ya kutolipa bei ya "haijaguswa".

Pili, ikiwaka kidogo na kuzima baada ya dakika chache, ni zinki salfaidi ya zamani. Inaweza kuwa na tritiamu au isiwe nayo. Taa ya kukagulia noti bandia, ambayo maduka mengi yanayo, itaionyesha vizuri zaidi kuliko jua.

Tatu, ikiwa haiwaki hata kidogo, usikimbilie kusema rangi imekufa na haina neno. Tazama rangi ya kahawia iliyokauka na kupasuka, na hasa kivuli kama cha kuungua kwenye uso, mahali mshale uliposimama kwa miaka mingi. Hiyo ni dalili ya radiamu.

KUZIMA SI KUISHA

Hapa ndipo wengi wanapopotoka. Radiamu hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 1,600. Saa ya mwaka 1950 imezima kwa sababu unga wa zinki salfaidi umechakaa kwa kupigwa na mionzi, lakini radiamu yenyewe ipo karibu yote. Saa hiyo ikiwa imefungwa, hatari kwa anayeivaa ni ndogo. Ikifunguliwa na kukwanguliwa, vumbi lake huingia puani na mdomoni, nayo radiamu mwilini hufuata njia ya kalsiamu na kukaa kwenye mifupa.

Jambo hili lilijulikana kwa gharama kubwa. Marekani, kuanzia miaka ya Vita Kuu ya Kwanza, wasichana waliajiriwa kupaka rangi hiyo kwenye nyuso za saa. Walifundishwa kuchongoa ncha ya brashi kwa midomo yao. Wengi waliugua taya na mifupa, na baadhi walikufa. Grace Fryer na wenzake wanne waliishtaki kampuni ya United States Radium ya New Jersey mwaka 1927, na mwaka 1928 shauri likamalizwa kwa makubaliano ya malipo.

Kwa mfanyabiashara wetu kanuni ni fupi: saa inayoshukiwa kuwa na radiamu haifunguliwi kibandani, haikwanguliwi, haipulizwi kwa mdomo, na haipewi kijana anayejifunza kazi. Kifaa cha kupima mionzi ndicho chenye jibu la uhakika kuhusu radiamu, na hapa Tanzania chombo chenye dhamana ya masuala ya mionzi ni Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania. Ukiwa huna njia ya kupima, iache saa hiyo kwa muuzaji. Faida ya shilingi elfu chache haitoshi kununua mfupa.

KAZI YENYEWE

Kwa saa salama, kama Seiko 5 nyingi za miaka ya 1970 na kuendelea, kazi ya fundi inakwenda hivi. Hufungua mfuniko wa nyuma, huchomoa kifundo cha kurekebishia majira, hutoa mashine, kisha hung'oa mishale huku uso umefunikwa kwa kipande cha plastiki usipate mikwaruzo. Rangi ya zamani hutolewa chini ya kitambaa chenye unyevu kidogo, na fundi hujifunika pua na mdomo. Chembe zote hufutwa, kwa maana chembe moja ikiingia kwenye mashine inaweza kusimamisha saa.

Unga mpya huchanganywa na vanishi yake maalumu kwa kiasi kinachokaribiana, mpaka uwe mzito kama asali. Mshale wenye uwazi katikati hupakwa kutoka upande wa nyuma ili upande wa mbele ubaki safi. Kisha huachwa ukauke kwa saa 24 mahali pasipo vumbi. Mchanganyiko mwepesi mno hutambaa na kuchafua kingo. Ukiwa mzito mno huacha vinundu, na mishale ikipishana hugusana.

Mambo mawili hupunguza ubora wa kazi hii. La kwanza ni unyevu: strontiamu aluminati huharibika ikipata maji, na hewa ya pwani, kama ile ya Dar es Salaam, Tanga au Zanzibar, ni nzito. Chupa ya unga ifungwe barabara, na raba ya kuzuia maji kwenye mfuniko wa saa ibadilishwe siku hiyo hiyo. La pili ni rangi ya mchana. Rangi nyeupe pee kwenye uso uliogeuka manjano kwa umri huonekana kama kiraka. Fundi mwenye jicho huchagua unga wenye rangi inayolingana na uso, hata kama hauwaki kwa nguvu kuliko wote.

HESABU

Tuchukue mfano. Bei hizi si za soko lolote, ni za kuonyesha njia ya kukokotoa tu; kila mmoja aweke zake.

Saa imenunuliwa Sh 50,000. Kusafisha mashine na kutia mafuta ni Sh 25,000. Kioo na raba Sh 12,000. Jumla Sh 87,000. Ikiuzwa Sh 115,000 bila mwanga, faida ni Sh 28,000.

Sasa ongeza mwanga: ujira wa fundi Sh 8,000, unga na vanishi Sh 2,000. Gharama inakuwa Sh 97,000. Ikiuzwa Sh 130,000, faida ni Sh 33,000. Mwanga umeongeza bei kwa Sh 15,000, lakini umeongeza faida kwa Sh 5,000 tu.

Ile Sh 2,000 ya unga nayo ina mtego. Tuseme seti nzima ya unga na vanishi inauzwa Sh 80,000 na inatosha saa 40. Ndiyo maana tumehesabu Sh 2,000 kwa saa. Lakini fedha zinatoka mfukoni siku ya kwanza. Kila saa, ukiacha unga, inarudisha Sh 7,000, yaani bei iliyoongezeka kutoa ujira. Kwa hiyo ni lazima uuze saa 12 ndipo seti ijilipe. Vanishi ikikauka au unga ukiingia unyevu baada ya saa 10, umerudisha Sh 70,000 na umepata hasara ya Sh 10,000.

Iko pia hasara ya mkono kuteleza. Ikiwa katika kila saa 20 moja inakwaruzwa uso na bei yake inashuka kwa Sh 40,000, hiyo ni wastani wa Sh 2,000 kwa kila saa. Ile nyongeza ya Sh 5,000 imebaki Sh 3,000.

Somo la hesabu hizi ni kwamba mwenye mzunguko mdogo asinunue seti. Apeleke saa zake kwa fundi ambaye tayari anayo, alipe kwa saa moja moja, na mtaji wake uendelee kuzunguka kwenye saa. Na fedha za kwanza ziende kwenye mashine: saa inayowaka gizani huku inachelewa dakika kumi kwa siku itarudishwa na mteja.

MAHALI MWANGA UNAPOHARIBU BEI

Kuna saa ambazo hazipaswi kuguswa. Wakusanyaji wa saa za Uswisi za kupigia mbizi, au za Seiko za aina hiyo zilizo adimu, hulipia hali ya kiwandani. Rangi ya tritiamu iliyogeuka manjano sawasawa kwenye uso na mishale ni ushahidi wao kwamba saa haijachezewa. Ukiibandua unafuta ushahidi huo, na hauwezi kurudishwa kwa fedha yoyote. Rangi ya zamani ikianza kumeguka, fundi anaweza kuishika kwa vanishi kidogo upande wa nyuma wa mshale bila kuibadilisha.

Soko limekwisha kutoa onyo. Saa nyingi za Seiko na HMT zilizopakwa upya nyuso zake nchini India zimeingia katika biashara ya kimataifa, na wanunuzi wazoefu sasa huzikwepa au huzilipia bei ya chini. Wengi hawakatai kwamba zimetengenezwa. Wanachokataa ni kuambiwa kwamba ni za kiwandani.

Kwa hiyo andika kwenye risiti: "Mishale imepakwa mwanga upya", pamoja na mwaka. Maneno hayo hayapunguzi bei ya saa ya kawaida, kwa kuwa mnunuzi wake anataka kuona majira usiku. Yanamlinda muuzaji mteja akirudi na mtaalamu mkononi.

KWA KIFUPI

Saa ya bei nafuu, isiyo na radiamu, yenye uso mzuri na mashine inayokwenda: rejesha mwanga, lakini hesabu faida yake kuwa ndogo. Saa adimu yenye rangi yake ya asili: iuze ilivyo. Saa yenye dalili za radiamu: usiifungue. Saa ambayo mashine yake ni mbovu: mwanga usubiri. Anayefuata mpangilio huo hatatajirika kwa saa moja, ila mtaji wake utabaki mzima mpaka saa ya ishirini.